Kabla ya kumpima homa ya matumbo, mwulize tarehe

Ijumaa moja alasiri aliingia chumbani mwangu mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji, akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za maabara. Aliiweka mezani kama mtu aliyechoka kubishana. "Daktari," akasema, "hii homa ya matumbo yangu haiponi. Nimemeza dawa mpaka mate yenyewe yamekuwa machungu."

Nilizitoa karatasi hizo na kuzipanga kwa tarehe, maana ndiyo desturi yangu ninapokosa la kusema. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe 4 Machi. Ya pili, tarehe 1 Aprili. Ya tatu, tarehe 28 Aprili, na ya nne, tarehe 27 Mei. Nilizitazama, kisha nikaitazama kalenda iliyokuwa ukutani. Siku 28, siku 27, siku 29. Sijui viini vyovyote vya homa ya matumbo vinavyohesabu siku kwa uaminifu namna hiyo. Ndipo nilipomwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza katika miezi yote hiyo: "Mama, siku zako za mwezi huja lini?" Akainamisha macho, akajibu kwa sauti ya chini, "Zimeanza jana."

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba waliomkosea ni madaktari wengine. La hasha. Karatasi mbili kati ya zile nne zilikuwa na sahihi yangu. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mama huyo asitambulikane, lakini sahihi sikuibadilisha.)

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitamka, ingawa mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuikubali. Mwanamke anapokuja akilalamika kwamba tumbo limejaa gesi, limefunga choo, linaharisha au linasokota, swali la kwanza lapaswa kuwa tarehe ya hedhi yake, kabla ya kutolewa damu na kabla ya kuandikiwa dawa. Na mwanamke anayelificha jambo hilo kwa haya, au anayedhani halihusiani na choo, huenda akalipia dawa za ugonjwa asiokuwa nao mwaka baada ya mwaka.

Wazee wetu hawakuona ajabu katika jambo hili. Huko Pwani kuna neno chango. Ukimwuliza nyanya wa Lamu au wa Mombasa maana yake, atakuambia ni minyoo ya tumboni, kisha atakuambia kwamba ni maumivu ya tumbo yanayompata mwanamke katika siku zake. Neno moja, utumbo na uzazi pamoja. Sisi tuliosomea udaktari ndio tuliovitenganisha, tukampa huyu utumbo na yule mji wa mimba, na mgonjwa akabaki katikati akitumwa huku na huko.

Sasa hebu tutazame jinsi mambo haya yanavyofungamana.

Mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Isitoshe, vyote viwili vimeundwa kwa misuli ya aina moja, ile inayojikaza na kulegea bila wewe kuiamuru. Yai linapotoka, kiasi cha wiki mbili kabla ya hedhi, homoni iitwayo projesteroni huongezeka mwilini. Kazi yake mojawapo ni kuituliza misuli ya mji wa mimba ili mimba ikiingia ipate kutua. Lakini homoni hii haichagui misuli. Inaaminika kwamba na utumbo nao hulegea, chakula kikapita polepole, gesi ikakaa. Ndiyo maana wanawake wengi huona, katika juma la mwisho kabla ya hedhi, kwamba sketi iliyowatosha Jumatatu haifungiki Alhamisi, na choo kimekuwa cha shida.

Kisha, mimba isipoingia, projesteroni hushuka ghafla. Hapo utando wa ndani wa mji wa mimba hutengeneza kwa wingi kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huikaza misuli ili utando huo utoke. Mkazo huo ndio maumivu ya hedhi. Na kwa kuwa jirani hasikii harufu tu bali pia huonjeshwa, sehemu ya kemikali hizo huufikia utumbo, nao hujikaza. Yule aliyekuwa amefunga choo juzi leo anakimbilia msalani mara nne kabla ya saa sita. Wengine hutapika. Wengine huumwa kichwa, wakahisi baridi, mwili ukachoka kama waliopigwa.

Kama unataka ushahidi, waulize wakunga kuhusu dawa iitwayo misoprostoli. Hiyo ni prostaglandini iliyotengenezwa kiwandani. Wao humpa mama aliyejifungua ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike kupita kiasi. Mama huyo hutetemeka kwa baridi, hupandwa na joto, na mara nyingine huharisha. Hajapatwa na ugonjwa wowote. Ni dawa tu inayofanya katika mwili wake yale yale ambayo mwili wa mwanamke mwingine hujifanyia wenyewe kila mwezi.

Sasa yapange malalamiko hayo kwa safu: kichwa, baridi, uchovu, tumbo, kuharisha. Mwambie Mkenya yeyote ayataje jina. Atakuambia ni malaria, na ikiwa ameshapimwa malaria, basi ni homa ya matumbo.

Hapo ndipo linapoingia suala la kipimo cha Widal. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, na hakitafuti viini vyenyewe bali kinga ambayo damu ilijitengenezea dhidi yavyo. Katika nchi ambako watu wengi wamewahi kukutana na viini hivyo, au na ndugu zao, damu ya mtu mzima asiye na homa ya matumbo yaweza kuonyesha kwamba anayo. Kipimo kimoja cha Widal, peke yake, hakitoshi kumhukumu mtu. Njia ya kutegemewa zaidi ni kuotesha damu katika maabara, ambayo huchukua siku kadhaa na hugharimu zaidi, na mgonjwa anataka jibu leo. Basi karatasi inarudi ikiwa na alama ya kujumlisha, mgonjwa anaridhika kwamba ugonjwa umeonekana, daktari anaridhika kwamba ameandika kitu, na mwenye duka la dawa anaridhika zaidi yetu sote. Baada ya siku tatu mgonjwa anapona. Angepona hata kama angekunywa maji matupu, maana hedhi imekwisha. Lakini yeye anajua ni dawa iliyomponya, na mwezi ujao atairudia.

Usinielewe vibaya. Homa ya matumbo ipo nchini na inaua. Ndiyo maana Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto dhidi yake kote nchini. Mgonjwa mwenye joto linalopanda siku baada ya siku hana haja ya hotuba yangu, ana haja ya kutibiwa upesi. Lakini kila kozi ya antibiotiki inayomezwa bure ina hasara zake. Dawa zenyewe huchafua tumbo na kuleta kuharisha kwingine, ambako nako hutafutiwa jina: amiba, halafu minyoo, halafu "alsa". Na viini vya kweli vinazidi kuizoea dawa, hata siku utakapoihitaji haitakusaidia.

Kuhusu hiyo alsa, au vidonda vya tumbo, kuna jambo ambalo laniudhi kwa sababu twalitengeneza kwa mikono yetu. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alieleza kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi mefenamiki zote ni za ukoo huo. Ndiyo maana huyatuliza maumivu ya hedhi vizuri kuliko parasetamoli, na mara nyingi hupunguza pia kule kuharisha. Lakini prostaglandini si adui mahali pote. Tumboni ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Binti anayeamka na maumivu, akakosa hamu ya kula, akameza diklofenaki juu ya chai ya rangi, akarudia saa nne na tena saa nane, anauvua ukuta huo nguo. Baada ya mwaka mmoja wa mtindo huo ataanza kuhisi moto chini ya kifua, na safari hii vidonda vyake havitakuwa vya kubuni.

Dawa hizo zitumie, lakini kwa akili. Meza baada ya kula, hata kama ni uji tu au ndizi mbili. Anza mapema, maumivu yanapobisha hodi tu, au siku moja kabla ikiwa mzunguko wako ni wa kutegemewa, maana kemikali ikishatengenezwa dawa haiwezi kuirudisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni ya mg 400 mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu, kwa kawaida hutosha. Ikiwa haitoshi, usiongeze, njoo tuzungumze. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na anayeshuku kwamba ana mimba, asizimeze kabla ya kuulizia. Chupa ya maji ya moto tumboni ni tiba ya kweli wala si imani ya vikongwe. Tangawizi inasaidia baadhi ya watu. Katika juma lile la kujaa gesi, punguza soda na vyakula vya mafuta, kunywa maji, tembea. Na ikiwa maharage au githeri hukusumbua siku hizo tu, vile siku hizo tu, usivifukuze nyumbani mwaka mzima. Neno moja kwa wanaopewa vidonge vya madini ya chuma kwa sababu ya kutokwa na damu nyingi: hufunga choo na kukifanya cheusi. Usiogope, lakini mwambie daktari wako.

Wako pia wanawake ambao tumbo lao halingoji hedhi. Huwasumbua mwezi mzima, leo linafunga, kesho linaharisha, nao hupata nafuu wakishakwenda choo. Vipimo vyote huwa safi. Hali hii madaktari huiita kwa herufi IBS. Utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila una hisia kali kuliko wa mtu mwingine, na hukasirika upesi. Wengi wa wanawake hawa huniambia kwamba siku za hedhi ndizo mbaya kupita zote. Msingi wa tatizo lao si hedhi, lakini hedhi hulichochea, na mtu asiyelijua hilo hudhani ugonjwa mpya umezuka. Wanahitaji maelezo na subira zaidi ya dawa, na mara nyingi wanachopata ni kuambiwa, "Mama, huna kitu." Nimewahi kulitamka neno hilo. Ni neno baya.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu.

Kuna ugonjwa uitwao endometriosi, ambamo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye kuta za fumbatio, juu ya utumbo wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani wapatao milioni 190 ulimwenguni. Ukiwa juu ya utumbo, mgonjwa huumia vikali anapokwenda choo katika siku za hedhi, kama anayekatwa kwa wembe, na pengine huona damu kwenye choo siku hizo hizo. Huumia pia katika tendo la ndoa, na wengine huchelewa kushika mimba. Wengi huishi hivyo miaka mingi, hata kumi, kabla ya mtu kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Ultrasaundi ya kawaida yaweza kuonyesha kwamba hakuna kitu, na mara nyingine hulazimu kuchungulia ndani ya tumbo kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye kitobo.

Kwa muda mrefu madaktari walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye nafasi zao. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanawake weusi aliokuwa akiwatibu. Alikuwa amewachungulia kwa kamera, akaikuta endometriosi kwa wengi, na si wachache miongoni mwao walikuwa wameshaambiwa kwamba wana maambukizi ya viungo vya uzazi, yaani ugonjwa unaopatikana kwa njia ya zinaa. Fikiria aibu waliyobebeshwa. Hiyo ni zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na bado kuna vyumba vya daktari ambamo binti Mwafrika mwenye maumivu ya namna hiyo huulizwa kwanza ana wapenzi wangapi.

Hapa Kenya wengi wetu tulilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kupitia kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyeeleza hadharani jinsi ulivyomsumbua tangu usichana wake hadi ukafika mapafuni. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi, akaendelea kuwasemea wengine, na akafariki Juni 2024. Siku za msiba wake walikuja kwangu wanawake watatu katika juma moja wakiuliza kama maumivu yao yaweza kuwa hayo. Mmoja wao nilikuwa nimemtibu amiba.

Tiba zipo. Nyingine ni zile zile za kupanga uzazi: vidonge, sindano, koili yenye homoni, ambazo huupunguza utando na hivyo kupunguza kemikali na maumivu. Hapo ndipo tunapokwama na wazazi. Mama mmoja, nilipopendekeza vidonge kwa bintiye wa kidato cha tatu aliyekuwa akikosa shule siku tatu kila mwezi, aliniuliza kama nataka kumfungulia mlango. Nilimjibu kwamba mlango nitakao kuufungua ni wa darasa. Hakucheka. Alirudi baada ya miezi miwili, bila binti, kuulizia bei.

Lakini naomba usiichukue makala hii ukafanye hedhi kuwa jalala la kila ugonjwa, maana hatari ya upande huo nayo ni kubwa. Tumbo linalouma ghafla na hedhi imechelewa ni dharura, kwani mimba yaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba; usingoje asubuhi. Damu kwenye choo isiyofuata tarehe, kupungua uzito bila kujua sababu, kuharisha kunakokuamsha usiku, kuishiwa damu, homa, au tumbo linalofura na halinyweei hedhi inapokwisha, yote hayo yatafutiwe sababu. Na mama aliyepita miaka 45 ambaye choo chake kimebadilika asikubali kuambiwa ni homoni za uzee kabla hajachunguzwa. Kansa ya utumbo na ya ovari huanza kwa malalamiko madogo kama hayo.

Utayatenganishaje? Kwa kalenda. Hata ile ya bure unayopewa dukani mwishoni mwa mwaka yatosha, au simu yako. Kwa miezi mitatu tia alama siku ya kwanza ya hedhi. Kisha kila siku andika herufi moja: F kwa kufunga choo, H kwa kuharisha, G kwa gesi, M kwa maumivu, D ukiona damu chooni. Andika pia dawa ulizomeza. Usiandike insha, hutaiendeleza. Baada ya miezi mitatu karatasi hiyo itanieleza mengi kuliko kipimo chochote cha maabara niwezacho kukuagizia siku hiyo. Ukikutana na daktari au afisa wa kliniki asiyeuliza, mwambie wewe kabla hajashika kalamu: "Daktari, tumbo hili hunianza siku mbili kabla ya hedhi." Sentensi hiyo moja. Ikiwa daktari ni mwanamume na waona haya, mpe karatasi aisome mwenyewe. Nasi madaktari wanaume tukiona haya kuuliza, na wengi wetu tunaona, hasa mgonjwa akiwa rika la mama zetu, basi tumeikosea kazi.

Yule mama wa bahasha ya kaki hakuwa na endometriosi kwa kadiri tulivyoweza kuona, wala hakuwa na homa ya matumbo. Anameza ibuprofeni baada ya kifungua kinywa siku ya kwanza na ya pili. Bado huharisha kidogo, ila sasa anajua ni kwa nini, na mwaka huu wote hajapimwa Widal hata mara moja. Zile karatasi nne niliziomba nikabaki nazo. Ziko ndani ya droo yangu, chini ya kalenda ninayowapa wagonjwa waoneshe tarehe kwa kidole, ambayo mhudumu wangu wa mapokezi hulalamika kwamba imejaa alama za kalamu hata hawezi kuona siku za sikukuu.